Jina la Kiarabu Halihalalishi Chakula

Kila likizo inapowadia, familia za hapa Makandana hupanda basi kwenda Dar es Salaam kuwazuru jamaa. Watoto wanaporejea, aghalabu hawasimulii bahari. Husimulia chakula: shawarma, piza, baga, na tambi za Kichina zinazokaangwa mbele ya macho ya mteja. Hatuwalaumu. Kula vya wageni si dhambi, na pilau tunayojivunia nayo ilivuka bahari kabla ya kufika katika masinia yetu.

Tunachokihofia ni usingizi wa wazazi. Baba akiona neno shawarma ukutani, hana tena swali. Jina la Kiarabu limekwisha kumtuliza. Lakini jina si ushahidi. Huko Meksiko, wahamiaji wa Lebanoni walipeleka ufundi huo huo wa kuchoma nyama kwenye mti unaozunguka, na katika karne ya 20 kondoo akaachia nafasi nguruwe. Leo chakula hicho, al pastor, ni maarufu nchini humo. Ufundi ulisafiri, uhalali ukabaki njiani. Na Japani wanayo supu ya tambi iitwayo tonkotsu: machoni ni tambi na mchuzi mweupe tu, kumbe mchuzi wenyewe ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa nyingi.

Wala tusidhani hayo ni ya mbali. Viazi vingi vinavyokaangwa jijini hutoka Nyanda za Juu Kusini, vikiwamo vya kwetu Isongole. Kiazi huondoka shambani kikiwa halali bila ya mgogoro wowote. Swali ni karai linalokipokea. Panapouzwa chipsi na kitimoto chini ya paa moja, iwe Dar es Salaam au hapa hapa Tukuyu, mafuta ni yale yale? Mwanao hali nguruwe, naam, lakini anakula kilichoogeshwa ndani yake.

Hata hivyo dini haikututaka tuwe watu wa wasiwasi. Amepokea Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) aliulizwa kuhusu nyama iliyoletwa na watu walioingia Uislamu karibuni, haijulikani kama walilitaja jina la Allah. Akawaelekeza waliouliza walitaje wao wenyewe, kisha wale. Ruhusa hiyo ni pana, ila haimfuniki anayeliona karai la kitimoto akageuza uso.

Basi tuulize, na tuulize kwa adabu. Sisi hapa Rungwe ni wachache, jirani zetu wengi ni Wakristo, na tumezikana na kulishana miaka mingi. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mzozo wa nani achinje uliishia kwa mchungaji kuuawa. Msiba ule haukumhalalishia mtu yeyote kitoweo chake. Muuzaji akiulizwa kwa upole, "Ndugu, mafuta haya yamekaangia nini?", mara nyingi husema kweli, na asiposema, ndizi zipo nyumbani.

Tena kwa nini tuwe wa kuuliza tu? Akina mama wanaotupikia wakati wa Maulidi wanaweza chipsi, mishikaki, hata hiyo shawarma wakifundishwa. Wanachokosa ni karai, mkaa na meza karibu na stendi. Mchango wa vitu hivyo vitatu unaweza kuanza leo, baada ya swala ya Ijumaa.