Waacheni Watoto wa Kitui Waigize

Serikali inayotuma polisi kuzuia mchezo wa wanafunzi imekiri kwa kinywa chake kwamba mchezo huo unasema kweli.

Aprili 2025, wasichana wa Shule ya Butere walifika Nakuru kwenye Tamasha za Kitaifa za Drama na mchezo wa Echoes of War, kazi ya Cleophas Malala kuhusu vijana waliokosa imani na watawala wao. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe. Malala akakamatwa mkesha wa onyesho, umma ukazuiwa kuingia, vitoa machozi vikarushwa kwenye uwanja wa shule. Wasichana wakakataa kuigizia viti vitupu. Waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Mwaka wa 2013 mchezo wa shule hiyohiyo na mwandishi huyohuyo, Shackles of Doom, ulipigwa marufuku, na wakati huo pia ni mahakama iliyowaokoa. Miaka 12, na wakubwa hawakujifunza kitu!

Sisi Wakamba tusijifanye wageni wa jambo hili. Mwaka wa 1911 ngoma za mapepo zilivuma Ukambani hadi watu wakaanza kupuuza amri za mkoloni. Siotune wa Kathuke na Kiamba, waliokuwa mbele ya vuguvugu hilo, wakahamishwa mbali na kwao. Hawakuwa na jeshi. Walikuwa na ngoma na watu waliowasikiliza, na hayo yalitosha kumtia mtawala baridi.

Ndiyo maana ninafuatilia habari za Jenin, mji wa Wapalestina. Katika kambi ya wakimbizi ya huko wana ukumbi wao wa maigizo, Freedom Theatre, ulioanzishwa mwaka wa 2006. Mmoja wa waanzilishi wake, Juliano Mer-Khamis, alipigwa risasi akafa mwaka wa 2011. Desemba 2023 wanajeshi wa Israeli waliuvamia, wakamchukua meneja wake, Mustafa Sheta, akakaa kizuizini zaidi ya mwaka bila kushtakiwa. Kosa la ukumbi ni lipi? Ni kuwapa vijana mahali pa kujitaja kwa jina lao. Mwandishi Mpalestina Ghassan Kanafani, aliyeuawa kwa bomu Beirut mwaka wa 1972, aliifanya kazi hiyo katika riwaya. Katika Kurudi Haifa, mume na mke wanabisha hodi kwenye nyumba waliyoikimbia mwaka wa 1948, wanafunguliwa na mwenye nyumba mpya, na mtoto waliyemwacha humo sasa amevaa sare za jeshi la Israeli. Ramani haina jibu kwa swali la wazazi wale: nyumba ni ya nani? Hadithi inathubutu kuliuliza.

Sisemi Kitui ni Jenin. Huku hakuna ndege za kivita juu ya paa zetu. Lakini swali la nyumba tunalo. Mkataba wa makaa ya mawe ya bonde la Mui, hapa Kitui, ulitiwa saini na kampuni ya Fenxi ya China mwaka wa 2013, na tangu hapo kuna familia zisizojua kama zijenge nyumba ya mawe au zingoje kufukuzwa. Makaburi ya babu zao yako mle. Mchezo wa kuigiza juu ya familia hizo uko wapi? Kila mwaka shule zetu hupeleka jukwaani dawa za kulevya, mimba za mapema na upandaji miti. Ni mambo ya maana, ila hakuna mkubwa anayekosa usingizi kwa ajili yake, na walimu wanajua. Woga umewakalia ofisini. Wanafuta mstari kabla mkaguzi hajaufikia.

Mwalimu wa drama Mwingi, Mutito, Wote, Kibwezi: ufute woga wako kwanza. Nenda Mui, keti na wazee, andika kwa Kikamba na Kiswahili, uwape wanafunzi wako kazi hiyo muhula wa kwanza. Wizara nayo iondoe polisi milangoni, na gavana awafungulie watu wa Mui ukumbi waone wanavyoigizwa, kisha asimame ajibu maswali yao.