Safari Hii Hatukukutana Msibani

Mwezi wa Aprili tulimzika mwenzetu. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Kwa muda mrefu alikuwa akituambia kwamba siku moja tutafunga safari sote watano, twende Manyara tukayaone maji yanayofuka moshi bila kuni. Kila mwaka tulikubali, na kila mwaka pakazuka jambo: mitihani ya kusahihisha, kikao kisichokwisha, kamati ya harusi ya mtoto wa ndugu, ujenzi wa nyumba usiofika kwenye linta. Tulipokuwa tukikung'uta udongo viatuni, mmoja wetu aliuliza, "Jamani, mara ya mwisho kukaa pamoja sisi sote ilikuwa lini?" Tukahesabu. Ilikuwa msiba mwingine.

Ndipo tulipokata shauri. Mwezi wa Julai, kipupwe kilipokuwa kimeikamata Dodoma na upepo wake mkavu unaopenya hadi kwenye mifupa, wanne tuliosalia tulivaa makoti, tukachangia mafuta ya gari na kushika barabara ya Kondoa. Barabara hiyo, ambayo lami yake kutoka Dodoma hadi Babati, kilometa 251, ilizinduliwa mwaka 2018, imeufanya mwendo uliokuwa wa mateso kuwa wa saa chache. Tulilala Mto wa Mbu, na kulipopambazuka tukaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara.

Chemchemi za maji moto ziko mbali na lango, upande wa kusini wa hifadhi, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Msomaji ambaye hajafika asidhani kuna muujiza. Maji ya mvua huzama katika nyufa za miamba, hushuka hadi kwenye kina chenye joto, kisha hupanda tena yakiwa yamebeba madini na harufu ya yai viza. Palipo na ufa mkubwa wa ardhi, maji ya namna hiyo hupata njia. Ndiyo maana tunayakuta sehemu nyingi za Bonde la Ufa, kuanzia Songwe kule Mbeya hadi Bogoria nchini Kenya. Lakini kujua sababu hakupunguzi mshangao. Asubuhi ile ya baridi, mvuke ulikuwa umetanda juu ya maji, na ng'ambo yake ziwa lilikuwa jeupe kama bati jipya. Mahali tuliporuhusiwa kushuka garini tulishuka, tukatembea taratibu, mikono nyuma, kama wazee tunaokaribia kuwa.

Mmoja wetu aliwahi kusoma Japani, katika mji wa Sapporo ulioko kisiwa cha kaskazini cha Hokkaido. Alituambia kwamba mvuke ule ulimkumbusha siku moja ya Februari, wanafunzi wenzake walipomchukua kwenda Noboribetsu. Pale pana bonde la volkeno ambalo Wajapani huliita Jigokudani, yaani Bonde la Kuzimu, lenye miamba ya manjano na kijivu inayotoa moshi wa salfa. Theluji ilikuwa imefunika kila kitu isipokuwa mahali palipokuwa na moto wa ardhi. Walitembea juu ya njia ya mbao, wakapita msituni hadi kwenye kijito kinachotiririsha maji ya uvuguvugu, ambako watu hukaa kando, huvua viatu na kutumbukiza miguu huku theluji ikiwaangukia mabegani.

"Nilichoshangaa si maji," alisema. "Ni watu waliokaa pale. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye mikono yake ilionyesha wazi kwamba amelima maisha yake yote. Kulikuwa na vijana wa kiwandani, na mzee aliyekuja na rafiki yake wa shule ya msingi. Hakuna aliyewauliza wamekuja kufanya nini."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Katika nchi yetu, mtu mzima akionekana anatembea bila shughuli huulizwa kulikoni. Tunao msamiati mpana wa kumkebehi: mzururaji, mzembe, asiye na kazi. Hata kaulimbiu zetu za kisiasa zinasimulia hivyo. Tulipata uhuru tukiimba Uhuru na Kazi. Mwaka 2015 tukaambiwa Hapa Kazi Tu. Mwaka 2021 tukaambiwa Kazi Iendelee. Sizikejeli kaulimbiu hizi. Nchi maskini haijengwi kwa kulala. Nasema tu kwamba katika miaka zaidi ya 60 sikumbuki kaulimbiu moja iliyomwambia Mtanzania kwamba, ukishafanya kazi, unastahili mahali pa kupumzika na wenzako.

Matokeo yake tunayaishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, lakini muulize jirani yako alizitumiaje. Atakuambia alikwenda kuuguza, kuzika, kuvuna au kusimamia mafundi. Urafiki umebaki bila makazi yake. Tunakutana kwenye matanga na kwenye vikao vya michango, tunashikana mikono harakaharaka, kisha kila mmoja anawahi daladala. Tunajuana kwa vilio vyetu kuliko kwa mazungumzo yetu.

Kuna watakaoniambia kwamba haya ni mawazo ya mtu aliyeshiba. Watu hawana maji ya kunywa, zahanati hazina dawa, wewe unazungumzia kutembea kwenye mvuke? Ni hoja nzito na inastahili jibu. Sheria ya Japani ya chemchemi za maji moto ilitungwa mwezi wa Julai mwaka 1948. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa chini ya majeshi ya washindi wa vita, miji yake mingi ilikuwa imeteketea, na wananchi wakigawiwa chakula kwa kipimo. Hata hivyo walikaa wakaandika nani ana ruhusa ya kuchimba chemchemi, na kwa masharti gani maji yake yatumiwe na umma. Anayeoga katika maji hayo hutozwa kodi ndogo, kwa kawaida yeni 150 kwa siku, inayokwenda kwa halmashauri ya mahali hapo, na miongoni mwa matumizi yake ni kuzitunza chemchemi zenyewe. Mwaka huohuo wa 1948, mwezi wa Desemba, Umoja wa Mataifa ulipitisha Tamko la Haki za Binadamu, na ibara yake ya 24 inataja haki ya kupumzika na kuwa na wasaa. Walioyaandika hayo walikuwa wametoka kwenye majivu ya vita.

Wala jambo hili si geni kwetu. Wakulima wa Japani walikuwa na desturi ya kwenda kwenye maji moto baada ya mavuno, wakati wa baridi, kuuliwaza mwili uliochoka. Wagogo nao, tangu zamani, mavuno yakiisha na kipupwe kikiingia, huo ndio uliokuwa wakati wa jando, wa ngoma na wa kutembeleana. Babu zetu walijua kwamba mwaka una msimu wa jembe na msimu wa watu. Ni sisi wasomi wa ofisini tulioufuta msimu wa pili kwenye kalenda.

Dodoma yenyewe iliwahi kuota ndoto hiyo. Mpango Kabambe wa mwaka 1976, ulioandaliwa na kampuni ya Kanada baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, ulichora mji wa mtembea kwa miguu: makazi yaliyokaa kama vijiji vilivyounganishwa, huduma zilizo karibu, mabasi, njia za watu na nafasi za kijani. Leo serikali imehamia kweli, na magari yamehamia nayo. Tuna bustani ya Chinangali na tuna Nyerere Square, na jioni ukipita utaona jinsi watu wanavyozitumia. Hiyo inatosha kuonyesha kwamba kiu ipo. Lakini mji unakua kwa kasi, na kila eneo la wazi lisilo na uzio linatazamwa na mtu fulani kama kiwanja kinachosubiri hati. Likishajengwa, halirudi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, maeneo ya wazi na njia za miguu za Dodoma zilindwe kwa ukali uleule tunaolinda hifadhi ya barabara. Pili, hifadhi zetu zifikirie usafiri wa pamoja kwa wananchi. Mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, na hilo ni jema, lakini kizuizi chake kikubwa ni gari. Basi moja la Jumamosi, lenye nauli ya kawaida, lingemfikisha mwalimu wa msingi na muuza zabibu wa Hombolo mahali ambapo leo hupaona kwenye televisheni tu. Tatu, chemchemi za maji moto zilizo nje ya hifadhi ziwekewe utaratibu sasa, kabla mwekezaji wa kwanza hajaja na uzio wake: mapato madogo yabaki kijijini, na chanzo cha maji kibaki wazi kwa wote.

Lakini nisiiachie serikali kila kitu. Hakuna waziri aliyetuzuia kusafiri na mwenzetu alipokuwa hai. Tulijizuia wenyewe, kwa kuamini kwamba urafiki unaweza kusubiri lakini vikao haviwezi. Pale Manyara, mvuke ulipoanza kupungua kwa jua kupanda, mmoja wetu alitaja jina lake, na hatukuzungumza kwa kitambo.

Julai ijayo, Mungu akitujalia, tutakwenda Kolo, Kondoa, kuiona michoro ya mapangoni. Si mbali, ni safari ya asubuhi moja. Tarehe imekwisha kuandikwa kwa wino kwenye kalenda ya ukutani ofisini, mstari mmoja chini ya tarehe za mitihani.