Alama Moja Haitoshi: Maoni ya Mwanaisimu kuhusu Spishi na Lugha

Wanabiolojia wamezidi kutumia alama za jeni kubainisha spishi za zuplanktoni, yaani wanyama wadogo waeleao majini, ambao kwa maumbo hufanana mno. Wanaisimu hatuna budi kulizingatia jambo hili, kwani swali lao ni letu pia: ni tofauti ipi itoshayo kukigawa kimoja kuwa viwili?

Mfano ulio wazi ni Brachionus plicatilis, rotifa wa maji ya chumvi atumikaye kulishia vifaranga vya samaki. Kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa spishi moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulibainisha spishi 15. Hata hivyo, alama mbili zilizotumika hazikuafikiana: COI, iliyo katika mitokondria, ilitoa makundi mengi kuliko ITS1, iliyo katika kiini cha seli. Ilibidi ushahidi wa maumbo na wa uzaanaji uzingatiwe pia.

Sasa tutazame Nkende, wilayani Tarime, penye wasemaji wa Kikuria. Wenyewe huiita lugha yao Igikuria. Kiambishi chenye /k/ kimegeuka kuwa na /g/ kwa sababu mzizi unaanza kwa /k/. Hiyo ndiyo Kanuni ya Dahl, ambayo Kiswahili hakina: sisi husema kikapu, si gikapu. Lakini Gĩkũyũ nacho kinayo. Je, alama hiyo pekee yatosha kuziweka lugha hizi mbili katika tawi moja dogo? La hasha. Guthrie aliipa Kikuria namba E43 na Gĩkũyũ E51. Na ijapokuwa uainishaji wake ulizingatia pia jiografia, kanuni moja ya sauti haiwezi kuutengua, maana sifa ya sauti yaweza kuenea kwa ujirani.

Suala hili si la nadharia tupu. Usemi ukiitwa lahaja, ni rahisi kuunyima kamusi na sarufi yake; ukiitwa lugha, hupata mtafiti. Hukumu juu ya Kikuria, Kisimbiti na Kingoreme, basi, isitolewe kwa orodha moja ya msamiati.

Kwa maoni yetu, wanafunzi wa uzamili wanaokwenda Mara wapime alama nyingi zisizotegemeana: sauti, toni, mofolojia na msamiati wa msingi. Kisha wapime kuelewana kwa wasemaji, na wawaulize wasemaji wenyewe. Alama zinapopingana, mpingano huo uandikwe, usifichwe. Huenda ndani yake imo historia tunayoitafuta.