Ng'ombe Amekula Shamba, Mwenye Ng'ombe Alipe

Vijana wa Goma, ile chizi ya Masisi tunakula na mkate asubuhi, ingine inatoka kwa ng'ombe zinazolala usiku ndani ya maharagi ya watu. Tuseme wazi.

Ku Masisi vilima vingi vimegeuka maferme. Mkulima hana chake. Anakodi kipande, ao analipa kwa salongo: siku fulani za juma anafanyia mwenye ferme kazi bila makuta. Analima, anapalilia, anangojea. Halafu usiku moja waya imelegea, ao mchungaji amelala (ao amejifanya kulala), na kundi linaingia. Maharagi ya miezi tatu yanaisha mbele jua itoke.

Asubuhi mama anaenda kwa shefu. Anaambiwa: lipa kwanza ya kufungua dosie, lipa ya wale watakwenda kuona hasara, leta na bia. Mwenye ng'ombe haonekani, iko hapa mjini na sisi, na mchungaji hana hata kuku. Siku wanafika kuona, mvua imekwisha kufuta nyayo. Mama anapewa kitu kisichonunua hata mbegu.

Sheria iko. Kifungu cha 261 cha sheria ya kiraia, ya tangu 1888, kinasema mwenye mnyama anajibu kwa kile mnyama ameharibu, awe anachungwa, awe amepotea ao ametoroka. Basi ile "zilitoroka" tunayosikia kila mara ku biro si jibu. Ni kukubali deni.

Na wale wanaokimbilia ku WhatsApp kusema hii ni mambo ya kabila, tunawakataa. Wakulima wanaolia ni wa kila luga. Wenye maferme ni wafanyabiashara, maofisa, wanasiasa, na udongo mwingine uligawanywa kwa wakubwa wakati wa Zaïrianisation ya 1973. Kumkata ng'ombe panga ao kumpiga mchungaji, mtoto wa maskini kama wewe, ni kuita bunduki kijijini. Mwenye ferme hatasikia hata kelele.

Tunadai hasara ipimwe ndani ya siku mbili, bila mama kutoa franka hata moja. Malipo yahesabiwe kwa mavuno, si kwa mbegu. Waya itengenezwe na mwenye ng'ombe, na jina lake ijulikane ku lokalite, si jina la mchungaji.

Wengine wenye maferme ni baba zetu na baba wakubwa zetu. Leo jioni, mezani, muulize kwa heshima: waya yako iko namna gani?