Wacheni Kucheka Madam Projekta Ikikataa

Nianze na aibu yangu. 2019, nikiwa kidato cha pili hapa Thika, niliingiza simu shule kisiri nikamrekodi madam wa Kemia akipigana na projekta. Skrini ni buluu tu, robo saa nzima. Darasa la watu 58 tunakufa kwa kicheko. Nikaweka wimbo, nikapandisha status, na kufika jioni mabinamu zangu wa Ruiru walikuwa wananitumia klipu yangu mwenyewe. Nikajiona mkali.

Machi 2020 shule zikafungwa. Nani alitukumbuka? Huyo huyo. Akafungua grupu ya WhatsApp, akawa anaandika na chaki kwa mlango wa kabati, simu ameiegemeza kwa mkebe wa Blue Band. Video ya kwanza ilikuwa imelala upande. Ya pili haikuwa na sauti. Wiki ya tatu akaanza kuzikata ziwe za dakika mbili mbili, juu aliona wengi hatufungui ndefu, bando haitoshi. Hakuna mtu alimfunza hiyo. Na bando yake alijinunulia.

Sasa nikisoma komenti ya "walimu wazee hawataki kubadilika", nachemka. Kampeni za 2013 tuliahidiwa laptopu za darasa la kwanza. 2016 zikaanza kuja tableti, mwishowe zaidi ya milioni moja, zingine zikiunganishwa hapa JKUAT, Juja, pale matatu za Thika hupita kila siku. Pesa ikaenda kwa mashine. Mwalimu akapata mafunzo mafupi, na kuna shule zilifungia tableti stoo zikiogopa wezi. Halafu TSC inampima kwa TPAD kama anatumia teknolojia darasani!

Na usiniletee Peter Tabichi. Ndio, 2019 alishinda Global Teacher Prize, dola milioni moja, akifundisha Keriko huko Nakuru, shule yenye kompyuta moja na mtandao mbovu. Namheshimu sana. Lakini nyinyi mmegeuza hadithi yake kisingizio: "si yeye aliweza bila kitu?" Manze, alipewa tuzo ya dunia kwa sababu hiyo si kawaida. Huwezi panga elimu ya nchi ukitegemea kila mwalimu awe Tabichi.

Mwalimu apewe saa kwa ratiba, ajaribu na akosee bila watu 58 kumtolea macho. Alipiwe bando. Na kuwe na mtu wa kumwita mambo yakikwama, hata kama ni mwanafunzi.

Mwezi jana nilipatana na madam steji ya Ruiru. Nikamwambia ile video ilikuwa yangu.

"Najua," akasema. "Kwani siku hiyo shida ilikuwa gani?"

Ilikuwa kubonyeza Windows na P. Vitufe viwili tu. Na nilijua siku hiyo hiyo, madam, nikaendelea kurekodi.