Kompyuta imekufa, siri za nyumba bado zimo ndani

Si ajabu siku hizi kukuta, katika nyumba ya Kilwa Masoko au Lindi mjini, kompyuta iliyokufa ikiwa juu ya kabati, imefunikwa kipande cha kanga. Ilinunuliwa mtumba kutoka Dar es Salaam mtoto alipoanza sekondari. Hewa ya chumvi na umeme wa kukatika vikaichosha, siku moja ikagoma kuwaka. Fundi akasema mazabodi imekufa na gharama ya kuitengeneza afadhali kununua nyingine. Tangu hapo imekaa.

Kisha anapita kijana anayenunua vyuma chakavu.

"Shikamoo mama. Lile boksi pale juu bado lina kazi?"

"Marahaba mwanangu. Lilishakufa hilo. Unatoa ngapi?"

"Nikupe elfu tatu, mama."

Biashara inaishia hapo mlangoni. Kabati limepata nafasi, na jioni kuna hela ya mboga. Lakini pamoja na boksi lile imeondoka picha ya kitambulisho cha NIDA cha baba, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilichoskaniwa kwa ajili ya maombi ya mkopo wa chuo, namba ya akaunti inayopokea malipo ya ufuta na korosho, picha za harusi, na majibu ya vipimo vya hospitali ambayo mama alimtumia dada yake kwa baruapepe.

Nyumba zitakazokutana na jambo hili zinaongezeka. Tangu Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft imesitisha huduma ya kawaida ya kuilinda Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Zitabadilishwa, na za zamani zitatafutiwa pa kwenda.

Kinachokufa na kinachobaki

Vitu vyote hivyo vinakaa kwenye kifaa kimoja, diski kuu, ambayo mafundi huiita hadi diski. Ni kisanduku cha chuma kinachoenea kiganjani. Ndani yake mna sahani za kung'aa zinazozunguka kwa kasi, na taarifa huandikwa juu yake kwa nguvu ya sumaku. Umeme ukikatika, maandishi hayaondoki. Mazabodi ikiungua, hayaondoki. Diski ikichomolewa na kuunganishwa na kompyuta nyingine, mara nyingi hufunguka bila kuuliza lolote, kwa sababu neno la siri la kuwashia kompyuta peke yake halifungi diski.

Kufuta kwa kawaida nako hakutoshi. Mtu anapobonyeza kitufe cha kufuta na kumwaga pipa la taka la kwenye kompyuta, kinachoondolewa ni anwani tu. Ni sawa na kung'oa kibao cha namba ya nyumba. Wenye nyumba bado wamo ndani. Programu za kurudisha mafaili yaliyofutwa zipo, nyingine ni za bure, na hazihitaji utaalamu mkubwa.

Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT cha Marekani walitoa matokeo ya diski 158 za mitumba walizonunua. Kati ya 129 zilizofanya kazi, 12 tu ndizo zilizokuwa zimefutwa sawasawa. Kwenye nyingine walikuta barua, taarifa za wagonjwa na maelfu ya namba za kadi za benki.

Maji nayo si dawa. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikumba pwani ya Kilwa na kukata barabara ya Dar es Salaam eneo la Somanga, maji yaliingia hata majumbani. Kompyuta iliyololoa haiwaki, lakini diski yake ikikaushwa na mtaalamu inaweza kusomeka. Wala kile kipande cha sumaku kutoka kwenye spika ya redio, ambacho watu huambiana kwamba kinafuta, hakitoshi kwa kazi hiyo.

Siri si za nyumba moja tu

Mzazi mwenye duka la steshenari ana mzigo mkubwa zaidi. Kompyuta yake imeskani vyeti vya mtaa mzima: maombi ya ajira, pasi za kusafiria, mikataba ya viwanja, fomu za vyama vya ushirika. Siku anapoibadilisha, anabadilisha kabati la majirani zake.

Mfano wa madhara unatoka Brighton, Uingereza. Diski za hospitali zilikabidhiwa mtu aliyepewa kazi ya kuziharibu. Badala yake, mwaka 2010, zaidi ya 200 kati ya hizo ziliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni. Ndani yake zilikuwa na taarifa za wagonjwa, wakiwemo waliotibiwa magonjwa ya zinaa na wanaoishi na VVU. Mwaka 2012 mamlaka ya Uingereza inayolinda taarifa iliitoza taasisi iliyosimamia hospitali hizo faini ya pauni 325,000. Faini ililipwa, lakini jina la mgonjwa likishatoka halirudi. Katika mji mdogo ambako kila mtu anamjua mwenzake, jambo kama hilo linaweza kuvunja ndoa au kumfanya mtu aache kwenda kuchukua dawa zake.

Hapa nchini, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na asikae nazo kupita muda unaohitajika. Mwenye steshenari, zahanati au shule anakusanya taarifa za watu. Kumwachia mnunuzi wa vyuma chakavu mashine isiyofutwa si kuzilinda.

Usichome, usiwaachie watoto

Baadhi ya watu, wakishajua haya, hukimbilia njia ya mkato: kuichoma kompyuta uani pamoja na taka nyingine, au kumpa mtoto nyundo aivunje. Hapo siri inaweza kupona na mtoto akaumia.

Plastiki na nyaya za kompyuta zikiungua hutoa moshi wenye sumu, zikiwemo kemikali za jamii ya dioksini. Bodi za zamani zina madini ya risasi kwenye maungio yake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo ndiye anayeathirika zaidi, kwa sababu mwili wake hufyonza risasi nyingi kuliko wa mtu mzima, ubongo wake bado unakua, na mikono iliyogusa majivu inaishia mdomoni. Madhara yake ni pamoja na kushuka kwa uwezo wa kujifunza, na huenda mzazi asiyahusishe kamwe na ule moto wa uani.

Kuvunja diski kuna hatari zake. Sahani za diski ndogo za kompyuta mpakato mara nyingi ni za kioo kilichopakwa madini. Zikipigwa nyundo hupasuka na vipande huruka machoni.

Halafu kuna sumaku. Ndani ya diski ya sahani mna sumaku zenye nguvu isiyolingana na udogo wake. Watoto huzipenda kwa sababu zinanasa misumari na kucheza zenyewe mezani. Zinabana vidole hadi kutoa damu, na zikigongana humeguka vipande vidogo. Mtoto akimeza vipande viwili, vinaweza kutafutana kutoka sehemu mbili tofauti za utumbo, vikaubana katikati mpaka ukatoboka.

Dalili zake ni kama za maradhi ya kawaida ya tumbo: maumivu, kutapika, homa. Ndiyo maana mzazi anaweza kumpa dawa ya minyoo na kusubiri. Asisubiri. Mtoto anayehisiwa kumeza sumaku apelekwe hospitali yenye huduma ya eksirei siku hiyo hiyo, hata kama anacheza vizuri. Asitapishwe. Mhudumu aelezwe wazi kwamba ni sumaku, kwa kuwa tiba yake si sawa na ya mtoto aliyemeza sarafu.

Hatua za kufuata

Kwanza, okoa unavyovihitaji. Hamishia picha na vyeti kwenye flashi au diski ya nje, kisha ufungue kimoja kimoja kuhakikisha vinasomeka.

Pili, kama kompyuta bado inawaka, ondoa akaunti zako za baruapepe na mitandao. Kwenye Windows, ingia sehemu ya mipangilio, chagua kuirejesha kompyuta upya, kisha uchague kuondoa kila kitu. Kabla ya kuthibitisha, washa chaguo la kusafisha diski. Bila chaguo hilo, kazi inakuwa ya haraka lakini mafaili yanaweza kurudishwa. Ukiliwasha, itachukua saa kadhaa, hivyo chagua siku yenye umeme wa uhakika.

Tatu, kama kompyuta haiwaki, mwombe fundi aitoe diski mbele yako. Kwa mashine nyingi ni skrubu chache tu. Anaweza kuiunganisha na kompyuta nyingine kwa waya wa USB, akaokoa mafaili yako na kuifuta kwa programu inayoandika upya juu ya diski nzima. Kwa diski ya sahani, kuandika juu yake mara moja kunatosha. Kaa hapo mpaka amalize, au urudi nayo nyumbani.

Nne, kompyuta za karibuni zina diski isiyo na sahani, inayoitwa SSD. Hii haifutiki vizuri kwa kuandika juu yake. Itumike programu ya kufutia ya kampuni iliyoitengeneza.

Tano, diski iliyoharibika kabisa, isiyoweza kufutwa, itobolewe. Kazi hii ni ya fundi mtu mzima, mwenye drili, miwani ya kukinga macho na glavu. Matundu matatu au manne yapenye sahani zenyewe. Kama ni SSD, kila kipande cheusi cha kumbukumbu kilicho juu ya bodi yake kitobolewe. Watoto wawe mbali, vipande vyote vikusanywe, na sumaku zisitolewe.

Anayekosa fundi wa kumwamini asilazimike kuamua leo. Diski haina harufu wala haivuji. Aitoe kwenye kompyuta, aifunge kwenye mfuko, aiweke ndani ya sanduku lenye kufuli pamoja na hati za nyumba. Boksi lililobaki halina siri tena.

Ipelekwe wapi

Boksi hilo, ingawa halina siri, bado si taka ya shimoni. Mvua kubwa ikija, kilichofukiwa uani huibuka na kuelekea mikokoni na baharini, na eneo la bahari la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu ya Ramsar tangu 2004. Akina mama wa pwani hii wanaookota pweza maji yakipwa hawahitaji kukanyaga bodi za kompyuta.

Kanuni za mwaka 2021, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinataka taka za vifaa vya umeme na elektroniki zishughulikiwe na wenye kibali. Kibali kinatolewa kupitia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ambalo kwa mikoa ya kusini lina ofisi ya kanda Mtwara. Mzazi aanze kwa afisa mazingira au afisa afya wa halmashauri yake na aulize swali moja: nani ana kibali cha kupokea taka hizi?

Mzigo wa kompyuta moja kutoka Kilwa ni ghali kuusafirisha. Shule, misikiti, makanisa na wenye steshenari wanaweza kuzikusanya pamoja kwenye chumba kikavu kisichofikiwa na watoto, kisha zikasafirishwa mara moja.

Na yule kijana wa vyuma chakavu akipiga hodi tena, hana kosa, anatafuta riziki. Ajibiwe kwa wema: "Hilo bado, mwanangu. Kuna kitu sijakitoa."