Uhasibu uko Mwaloni

Nikikutana na wanafunzi wa usimamizi wa biashara hapa Mwanza, kilio ni kile kile: uhasibu, uchumi, takwimu na sheria ni masomo ya kukariri, kufaulu na kusahau. Jamani, mimi nakataa. Tatizo si masomo, ni mifano.

Nenda Mwaloni, Kirumba. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi hupumzika. Mzigo unapungua, bei inapanda: huo ni uchumi. Andika bei hizo mwaka mzima, upate takwimu. Ada ya mtoto na kodi ya pango havisubiri giza lirudi, kwa hiyo lazima fedha zipangwe. Mvua ikiwanyeshea dagaa kabla hawajakauka, thamani inashuka, na hasara hiyo ina mahali pake kwenye vitabu vya uhasibu. Na uliyemkopesha mvuvi mafuta bila maandishi, akikuruka una ushahidi gani? Hiyo ni sheria.

Mama muuza dagaa anayajua haya kwa kuumia. Msomi anayajua kwa majina tu. Walimu wetu, swali moja la mtihani litoke Mwaloni basi! Au wadau mnasemaje?